Tulivyopiga Marufuku Nyongeza ya Pombe Mwandiga

Vijana wangu, mzee aliyestaafu akipewa kalamu ni sawa na mlevi aliyepewa kiti: kumwinua ni kazi. Basi mnivumilie. Juzi alikuja kwangu kijana mmoja wa ofisi ya biashara, shati limenyooka, kalamu mbili mfukoni. Akaniamkia vizuri, akakaa, akaniuliza: "Mzee, tukiyazuia maduka yasiuze pombe kwa mtindo wa nunua tatu ya nne bure, watu watapunguza kununua pombe ya kupeleka nyumbani?"

Nikacheka mpaka nikakohoa. Masikini, akadhani nimepaliwa, akakimbilia maji.

Sikumcheka yeye. Nilijicheka mwenyewe, maana swali hilo nililijibu zamani, enzi za Ujamaa, kwa ripoti iliyopigwa taipu na kugongwa mhuri. Ripoti yangu haikuwa na uongo hata mstari mmoja. Uongo niliusema baadaye, kwa mdomo, mbele ya watu, na ndio ninaotaka kuwaeleza leo. Lakini tuanze na kazi yenyewe, maana ninyi wa siku hizi hamuijui.

Nilikuwa mkaguzi wa vipimo na vilabu vya pombe. Cheo kirefu, baiskeli moja. Kila klabu ilitakiwa kuuza kwa kopo la lita lenye mhuri wa serikali, na kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kopo ni kopo. Nilizunguka Ujiji, Kibirizi, Mwandiga, na mara mojamoja nilipanda boti kwenda Mwamgongo. Huko Mwamgongo sikuwahi kumkamata mtu hata siku moja. Boti inaonekana tangu mbali, kwa hiyo nikifika nakuta makopo yote ni halali, na kuku ameshachinjwa. Mkaguzi anayesubiriwa na kuku hakagui kitu, vijana. Anakula, anasaini, anarudi.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Ramadhani wa Ujiji, ambaye babu zake walivuka ziwa kutoka Kongo. Mwislamu safi, hajapata kuonja pombe maishani, na hapakuwa na mlevi wilaya nzima aliyeijua pombe kama yeye. Alikuwa akisimama mlangoni mwa klabu, amefumba macho, anasikiliza inavyomiminwa. "Kopo lile lina ugali chini," ananinong'oneza. Tukienda kuangalia, kweli, kuna donge la ugali limegandishwa kwenye kitako cha kopo, limekauka likawa gumu kama saruji. Kipimo kimepungua, na mnywaji analamba mdomo anashukuru.

Ujanja ulikuwa mwingi. Wapo waliokibonyeza kitako cha kopo kwa mchi kikaingia ndani. Wapo waliomimina kutoka juu sana ili povu lijae. Siku yangu ya kwanza nilikagua makopo kumi na mawili, nikayaona yote mazima, nikatoka kifua mbele. Mzee Ramadhani akaniambia, "Bwana mdogo, umekagua makopo vizuri sana. Sasa rudi ukague vidole gumba." Nikarudi. Wauzaji wote walikuwa wanapima wamechovya kidole ndani ya kopo, na kimoja, Mungu anisamehe, kilikuwa kinene kama ndizi.

Sasa nyongeza. Msije mkadhani mambo ya kumvuta mnunuzi yaliletwa na maduka yenu yenye taa. Pale Mwandiga, nyumbani kwetu, ambapo mama yangu alikaa mpaka mwisho wake, nyongeza ya pombe ya ndizi ilikuwa na utaratibu kuliko ofisi yangu. Mwanaume akija na kibuyu chake kikubwa, akajaziwa, muuzaji huchukua kibuyu kingine, kidogo, ukubwa wa ngumi mbili, anakijaza na kukiziba kwa jani la mgomba. Hicho hakikuwa cha mnunuzi. Kilikuwa cha mama yake, au mama mkwe, au mke kama wazee wameshatangulia. Ukinunua kopo moja ukanywa palepale, hupewi. Lazima ujaze kibuyu cha kwenda nacho nyumbani.

Na hicho kidogo hakinywewi njiani. Mtu akionekana amekinywa, watu walisema "amekunywa cha mamaye," na maneno hayo yalimfuata mpaka kwa wakwe. Kwa hiyo mwanaume aliyejaza kibuyu alikuwa na safari. Bibi kizee amekaa mlangoni anatazama barabara, na majirani wanamwona anavyotazama. Jua halijapungua, wanaume wa Mwandiga wameshaelekea makwao, mmojammoja, kibuyu kikubwa begani na kidogo mkononi. Huko waliinywa na wake zao, wazazi wao na jirani aliyepita kusalimia. Walilewa? Walilewa, sitawadanganya. Lakini walilewa mahali ambapo kuna mtu wa kuwaambia basi.

Siku moja akaja mkubwa kutoka makao makuu, suti ya mikono mifupi, tumbo limetangulia, akaitisha mkutano wa kijiji. Akasema wananchi wanafika shamba la ujamaa wamechoka, na uchunguzi umeonyesha chanzo. Chanzo ni nyongeza. Nyongeza, alisema, ni hila ya kibepari ya kumvuta mwananchi anunue pombe nyingi asiyoihitaji. Kuanzia siku hiyo ni marufuku kumpa mnunuzi wa pombe nyongeza, punguzo au zawadi ya aina yoyote, na atakayekaidi atanyang'anywa leseni. Tukapiga makofi. Mpishi wa nyumba ya wageni alikotoka mkubwa asubuhi ile aliniambia baadaye idadi ya chupa alizoziacha chini ya kitanda, lakini hizo hazikuwa na nyongeza, kwa hiyo hazikuvunja sheria.

Akasimama mwanamke mmoja, Mama Anyesi. Huyu alikuwa mjane mwenye watoto watatu, na klabu yake ndiyo ilikuwa shamba lake na ng'ombe wake. Leseni yake aliitia kwenye fremu ya mbao aliyoichonga marehemu mumewe, akaitundika ukutani, akawa anaifuta vumbi kila asubuhi. Bila karatasi ile watoto wale hawakuwa na mahali pa kula.

"Ndugu mkubwa," akasema, "mwenye kiu anavutwa na kiu. Unasema nyongeza inamvuta mtu. Ego, ni kweli, inamvuta. Inamvuta kwenda kwao."

Wanawake wakaitikia, "Ego, ego!" Ndiyo, ndiyo. Mkubwa akatabasamu kama mtu aliyesikia mtoto akiimba, akatazama saa. Mimi ndiye niliyeandika muhtasari wa mkutano. Niliandika: "Swali la akina mama lilijibiwa."

Nilikuwa bado kwenye muda wa majaribio. Nilikuwa naisubiri barua ya kuthibitishwa kazini kuliko anavyosubiriwa mtoto wa kwanza. Hicho si kisingizio, lakini mjue nilikuwa mtu wa namna gani.

Sheria ikaanza. Wiki ya kwanza nilizunguka vilabu nikaona maajabu: vibuyu vikubwa vimetoweka. Hakuna mtu anayebeba pombe kwenda nyumbani. Nikafurahi. Kisha nikaanza kuona kwamba jua linashuka na mabenchi bado yamejaa. Mtu bila nyongeza ana sababu gani ya kujaza kibuyu? Ananunua kopo moja, analinywa palepale. Halafu lingine. Halafu lingine la kumsindikiza hilo. Na kesho anarudi, kwa sababu nyumbani hakubakiza kitu.

Palikuwa na seremala mmoja, Fundi Zabroni, ambaye zamani ungeweza kusetia saa kwa kuondoka kwake klabuni. Nikamkuta amejiegemeza ukutani, macho mekundu.

"Fundi, leo huendi nyumbani?"

"Nikapeleke nini, mikono?"

Nikaandika kwenye daftari: "Mwananchi hakubeba pombe."

Wakubwa wakataka ripoti ya nyumba kwa nyumba. Nikatembea Mwandiga nzima na daftari, nikiuliza kila kaya imenunua pombe kiasi gani. Wanaume waliniapia kwamba hawajui hata harufu yake, wakiniapia kwa pumzi ambayo ingewasha kibatari. Wazee wa kike walikuwa wakweli zaidi. Bibi mmoja alinitazama kutoka juu mpaka chini, akasema, "Hapa? Hapa haiingii hata tone." Nilimshukuru. Nikaandika kwa furaha: hakuna. Nyumba iliyofuata: hakuna. Nyumba ya mama yangu mwenyewe: hakuna. Mama aliniambia hivyo huku anachambua maharage, hakuinua macho, na mimi nikaandika.

Ripoti ikatoka: ununuzi wa pombe kwa matumizi ya nyumbani umepungua mno tangu nyongeza ipigwe marufuku. Kweli tupu. Nikasifiwa kwa barua. Mzee Ramadhani aliisoma mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu.

"Umepima vibuyu," akasema. "Watu je, umewapima?"

Nikaona mzee ana wivu. Hebu fikirini, mimi na usomi wangu wa darasa la kumi!

Ndipo ikaja barua isiyo na jina: Mama Anyesi bado anatoa nyongeza. Ukweli, hata mimi nilikuwa nimeshaona. Kwenye klabu yake peke yake ndiko wanaume walikokuwa wakiondoka na jua. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini. Mimi nikaenda kuazima kanzu.

Naam, nilijibadilisha. Nikavaa kanzu na kofia, nikaacha baiskeli ya ofisi kwa jirani, nikaingia klabuni na kibuyu kikubwa, nikasema mimi ni mchuuzi wa dagaa kutoka Mwamgongo. Watu wote wakanyamaza. Kisha mmoja akasema kwa adabu, "Karibu, mgeni wa Mwamgongo. Ziwa linasemaje?"

"Mawimbi makubwa sana," nikasema. Ziwa lilikuwa limetulia siku ya tatu, hata jani halikutikisika.

"Pole na safari," wakasema wote, wakauma midomo. Nilikuwa nanukia sabuni ya kuogea. Mchuuzi wa dagaa anayenukia sabuni! Halafu nikainama kukaa, na kibanio cha suruali cha kuendeshea baiskeli kikaonekana mguuni. Mzee mmoja pembeni alilazimika kutoka nje kwenda kuchekea huko.

Mama Anyesi hakucheka. Alinijazia kibuyu, kopo baada ya kopo, kipimo halali, kidole kikiwa nje. Kisha akainama chini ya benchi, akatoa kibuyu kidogo, akakijaza, akakiziba kwa jani, akanipa kwa mikono miwili.

"Hiki cha mama yako," akasema taratibu. "Nakujua wewe ni nani, na najua kilichokuleta. Lakini mama yako hajaonja tangu sheria yenu ianze. Siwezi kumjazia mwanawe kibuyu nikamsahau yeye. Mwambie namsalimia."

Nikatoka nje nimekishika. Kushoto ni nyumbani, nyumba ya nne tu kutoka barabarani, na mama yuko mlangoni. Kulia ni ofisi ya kijiji. Vijana, nimeishi miaka mingi nikiutafuta udhuru wa siku ile na sijaupata. Nilikwenda kulia.

Shauri likasikilizwa siku ya tatu: mwenyekiti, katibu na mabalozi wa nyumba kumi, kibuyu kidogo katikati ya meza kama kidhibiti. Pombe ya ndizi ya siku tatu haina heshima. Katikati ya maelezo yangu jani likafyatuka, povu likamwagika juu ya mafaili, na katibu akaanza kupanguza maazimio ya kijiji kwa kofia yake. Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka. Mama Anyesi alisubiri tumalize.

"Ndugu Mwenyekiti," akasema, "naomba nisomewe sheria."

Akasomewa: ni marufuku kumpa mnunuzi nyongeza.

"Basi sikuvunja. Mnunuzi alikuwa huyu. Kibuyu kile nilimpelekea mama yake, na mama yake hakununua kitu kwangu. Nilimwambia hivyo huyu mwenyewe nilipompa. Muulizeni."

Mabalozi wakatazamana. Mwenyekiti alikuwa mtu wa Mwandiga, naye alikuwa na mama, na niliona usoni mwake kwamba anatafuta mlango wa kumtolea yule mwanamke. Mlango ulikuwa mimi.

"Ndugu mkaguzi," akaniuliza, "ni kweli alikwambia ni cha mama yako?"

Ilitosha niseme ndiyo. Neno moja, halina hata gharama ya wino. Lakini kama kilikuwa cha mama yangu, kwa nini nilikileta ofisini? Na barua yangu ya kuthibitishwa ilikuwa njiani.

"Hapana," nikasema. "Alinipa mimi."

Mama Anyesi alinitazama tu. Leseni ikaletwa kutoka ukutani kwake na fremu yake. Akaomba jambo moja: arudishiwe fremu, maana aliichonga marehemu. Kamati ikajadili kwa muda mrefu sana kama fremu ni sehemu ya leseni au la. Naona aibu kuwaambia, lakini mimi nilichangia mjadala huo. Mwishowe akarudishiwa, akaondoka nayo kwapani, tupu.

Mwezi uliofuata nikathibitishwa kazini.

Na sheria? Mkubwa yule alihamishwa, aliyemfuata akaja na vita dhidi ya jambo jingine, nadhani kwato za mbuzi. Hakuna aliyeifuta marufuku ya nyongeza. Ilisahauliwa tu, ikageuka njano kwenye ubao wa matangazo, na vibuyu vidogo vikarudi kimyakimya. Fundi Zabroni akaanza tena kuondoka mapema. Leseni ya Mama Anyesi peke yake ndiyo haikurudi. Niliwahi kuulizia. Nikaambiwa hakuna fomu ya kumrudishia mtu kitu alichonyang'anywa kwa sheria ambayo hakuna anayeikumbuka.

Kwa hiyo nilimjibu yule kijana wa kalamu mbili hivi: Ukizuia nyongeza, kitakachopungua kwanza ni kile unachokipima. Usiishie dukani na daftari lako. Mfuate mnunuzi, uone hicho cha bure kinaishia mkononi mwa nani, na kikiondolewa yeye atakwenda wapi. Sisemi maduka yenu yanawapenda mama zenu. Chupa ya nne ya siku hizi haina mwenyewe, inamezwa na yuleyule aliyemeza tatu, na pengine mkiizuia mtafanya vyema. Sijui. Lakini nyinyi pia hamjui, na mimi angalau nimeshaona aibu ya kutojua. Aliandika kitu. Natumaini hakuandika "swali lilijibiwa."

Mama Anyesi alihamia Kibirizi na wanawe, akaanza kuuza dagaa. Mama yangu hakuwahi kunigombeza. Alisikia habari ya kamati siku ileile, akanipakulia chakula kama kawaida, akala upande wake. Sikumwona tena amekaa mlangoni akitazama barabara wakati wa kurudi kwangu.

Mwaka ulipopita nikajikaza. Nikaenda Kibirizi asubuhi moja kumwomba radhi yule mwanamke. Nikamkuta amezungukwa na wanunuzi, kopo mkononi. Nikajipanga kwenye mstari. Alikuwa anajaza kopo mpaka dagaa wanafanya kilima, anamimina, kisha anaongeza kiganja: "Hii ya watoto." Anayefuata anaongezewa kiganja: "Msalimie shangazi." Hakumnyima mtu. Hata askari aliyekuwa mbele yangu alipata cha kwake.

Zamu yangu ikafika. Akanitazama, akajaza kopo. Kisha akachukua kijiti, akakipitisha juu ya mdomo wa kopo taratibu, kilima kikaanguka kwenye beseni, dagaa wakabaki sawasawa na ukingo. Akanimiminia kwenye mfuko.

"Kipimo halali, Bwana Mkaguzi," akasema.

"Mama Anyesi, nimekuja kukuomba radhi. Nilisema uongo."

"Nimesikia." Akamwangalia mtu aliyekuwa nyuma yangu. "Karibu baba, nikupe ngapi?"

Nikapanda baiskeli mpaka Mwandiga, nikamkabidhi mama ule mfuko. Sikumwambia nimetoka wapi. Aliupima mkononi, akaufungua, akatazama ndani kwa muda.

"Umenunua kwa Mama Anyesi," akasema.

"Umejuaje, mama?"

"Dagaa hawajazidi kipimo hata mmoja, mwanangu." Akafunga mfuko, akaenda kuwasha moto.